MAJI YALIYO KARIBU NA MGODI WA MAKAA

Makaa ya mawe yana manufaa mengi. Huendesha mitambo ya umeme na kutia moto tanuu za saruji. Zamani yaliendesha magarimoshi na meli. Lakini makaa na maji hukaa pamoja chini ya ardhi, na achimbaye makaa hana budi kuyagusa maji. Basi na tujifunze jinsi maji hayo yanavyoharibika, na jinsi ya kupima madhara yake.

Katika makaa na miamba iliyo kando yake, mara nyingi mna madini yang'aayo kama dhahabu. Si dhahabu, bali ni chuma kilichoungana na kiberiti. Maadamu yamefichwa pasipo hewa, hayadhuru. Yakifunuliwa, hewa na maji huyafikia, ikafanyika asidi, yaani maji makali kama ya ndimu. Asidi hii huyeyusha chuma kilicho mwambani. Maji hayo yafikapo kijitoni, chuma hugeuka kuwa tope la rangi ya machungwa, likafunika mawe na mayai ya samaki.

Tena, ili mgodi usijae maji, hapana budi kuyavuta kwa pampu. Hapo maji ya chini ya ardhi hushuka, na visima vya jirani huweza kukauka. Mgodi ukiachwa na pampu zikisimama, maji hupanda tena polepole, hujaza mashimo, kisha huweza kububujika yakiwa machungu, miaka mingi baada ya wachimbaji kwenda zao.

Mambo hayo yaliwapata watu wa Carolina, mji mdogo wa mkoa wa Mpumalanga, Afrika ya Kusini. Mwezi wa Januari 2012, baada ya mvua kubwa, asidi kutoka migodi ya makaa iliingia katika bwawa la maji ya mji. Samaki walikufa, na watu wakakatazwa kunywa maji ya bomba. Mwishowe shauri lilifika mahakamani, na mwezi wa Julai mwaka ule ule hakimu aliamuru wapewe maji safi ndani ya saa 72.

Je, mtu atajuaje madhara kabla hayajafika bombani? Na afuate kanuni hizi:

1. Apime kijito na visima kabla mgodi haujaanza. Asiyejua hali ya kwanza hawezi kusema kilichobadilika.
2. Apime kijito juu ya mgodi na chini yake, siku moja, kisha alinganishe.
3. Apime kina cha maji kisimani, wakati wa kiangazi na wakati wa masika.
4. Atafute wadudu wadogo waishio chini ya mawe ya kijito. Wakipungua, kuna jambo.

Ukali wa maji hupimwa kwa kipimo kiitwacho pH. Maji yasiyo makali wala ya magadi yana 7. Kadiri hesabu inavyoshuka, ndivyo ukali unavyozidi. Lakini kipimo kimoja hakitoshi. Mwamba wenye chokaa huweza kuondoa ukali, na chumvi za kiberiti zikabaki majini. Wala macho hayatoshi: maji ya asidi huweza kuwa maangavu kama kioo.

Madhara haya yana dawa, lakini ni ya gharama. Mwaka 2007, karibu na mji wa eMalahleni katika mkoa ule ule, ulianza kazi mtambo wa kusafisha maji ya migodi hata yakafaa kunywewa. Tanzania nayo ina migodi ya makaa, kama ule wa Ngaka mkoani Ruvuma. Kwa hiyo elimu hii yatufaa sisi pia. Kinga ni bora kuliko tiba; na kinga ya maji ni kuyapima mapema, na kuyapima daima.

MASWALI

1. Kwa nini madini ya chuma na kiberiti hayadhuru yakiwa yamefichwa?
2. Kwa nini tunapima kijito juu ya mgodi pia?
3. Mtu asema, "Maji haya ni maangavu, basi ni salama." Mjibu.