Kutoka Rangi Tatu hadi Kilwa Kisiwani: Siku Moja ya Bahari na Magofu

Sisi wa Mbagala tunaishi kando ya Barabara ya Kilwa. Tangu alfajiri wapiga debe wa Rangi Tatu wanaita Kilwa, Lindi, Mtwara, na bado wengi wetu Kilwa yenyewe tunaijua kwa jina tu. Tenga siku ya kwenda, siku ya bahari, na siku ya kurudi.

1. Tazama mwezi kabla ya kupanga tarehe. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua: maji hupwa mbali, na kwa pwani yetu hupwa sana mnamo saa 4 au 5 asubuhi, wakati ule ule unaotaka kuwa chomboni. Takriban wiki moja baadaye huja maji mafu, bahari haipandi wala haishuki sana, na kupanda na kushuka chomboni ni rahisi. Nenda siku hizo. Masika yaepuke: Mei 2024 mvua za Kimbunga Hidaya ziliikata barabara hii eneo la Somanga.

2. Panda basi la asubuhi, ukiuliza kwanza kama linaingia Kilwa Masoko, mji wa kuvukia kwenda kisiwani. La Lindi au Mtwara litakushusha Nangurukuru, utafute usafiri mwingine. Safari ni takriban kilometa 300: Mkuranga, Kibiti, Ikwiriri, kisha Daraja la Mkapa juu ya Mto Rufiji, lililofunguliwa mwaka 2003. Somanga nunua samaki wa kukaanga.

3. Ukifika Kilwa Masoko, shughulikia kibali na mwongozaji jioni hiyo hiyo. Bila kibali huingii magofuni. Kisha zungumza na nahodha. Mkubaliane bei ya chombo kizima, kwenda na kurudi, pamoja na saa atakazokungoja. Yaone majaketi ya kuokolea maisha kwa macho yako, moja kwa kila kichwa. Kisiwani wanaishi watu, na wengi ni Waislamu: vaa nguo ya heshima, na ukikutana na wazee anza kwa shikamoo.

4. Vuka kwenda Kilwa Kisiwani mapema, kabla upepo haujashika nguvu. Boti ya mashine ina haraka, lakini mimi nakushauri tanga. Mji huu ulijengwa kuwapokea watu wa majahazi, na ukija polepole utaliona Gereza, yaani ngome ya kale, likisimama ufukweni. Wareno walijenga ngome hapo mwaka 1505, wakaondoka 1512. Kuta unazoziona leo kwa sehemu kubwa ni za enzi ya Waomani. Mawimbi yanazila, kwa hiyo usizipande.

5. Anza na Msikiti Mkuu. Ulianzishwa karne ya 11, ukapanuliwa karne ya 14, dhahabu ya bandari ya Sofala ilipokuwa ikipitia mikononi mwa wafanyabiashara wa Kilwa. Ingia chini ya kuba, utazame jinsi mawe ya matumbawe na chokaa yalivyobeba paa zito namna ile. Msafiri Ibn Battuta alifika mwaka 1331 na kuusifu mji huu kuwa miongoni mwa miji mizuri kuliko yote.

Wageni wengi huishia hapo kwa sababu ya jua. Usirudi! Beba maji ya kunywa, utembee hadi Husuni Kubwa, upande wa mashariki. Ni jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, lenye vyumba zaidi ya 100, juu ya jabali linalotazama mlango wa bahari, na halikumalizika kujengwa. Katikati yake kuna birika la kuogea lenye pembe nane. Keti ukingoni, umwache mwongozaji akuonyeshe palipokuwa ghala, baraza na gati. Kwangu mimi hapa ndipo safari nzima inapolipa, na saa nzima haitoshi. Vigae vya vyombo utakavyoviona chini viache vilipo: UNESCO iliutambua urithi huu mwaka 1981, na kuanzia 2004 hadi 2014 uliwekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini.

6. Rudi kwa saa mliyokubaliana, maana nahodha anayahesabu maji. Jua likiwa bado juu, nenda Kilwa Kivinje ukaone nyumba za wafanyabiashara wa karne ya 19 na boma la Wajerumani. Tiketi ya kurudi Mbagala ikate jioni hiyo, kabla hujalala.