Hesabu ipigwe Kasongo, mzigo utoke Kindu

Nina kibanda cha kuchapa na kutoa kopi hapa Kasongo: kompyuta nne, printa mbili, paneli za jua juu ya bati na betri ambazo jioni zinaanza kulia kama mtoto mwenye njaa. Kompyuta zote ni za Linux. Sikuingia huko kwa mapenzi. Virusi vya flashi za wateja ndivyo vilivyonifukuza kwenye Windows. Mega za simu zinanitosha kusoma ujumbe na kutuma picha moja mbili. Kupakua LibreOffice nzima ni habari nyingine, maana pesa ya wiki itaisha na kazi haijafika nusu.

Kwa hiyo intaneti yangu ya kweli inapanda piki. Kijana anabeba diski hadi Alunguli, anavuka Lualaba kuingia Kindu, anamkabidhi shemeji yangu mwenye laini nzuri kazini, na baada ya siku kadhaa diski inarudi imejaa. Mvua ikinyesha, siku kadhaa zinakuwa wiki mbili.

Wenzangu wakiniuliza mfumo upi ni bora, Debian, Fedora, Arch au FreeBSD, wanategemea nizungumzie kasi na wingi wa programu. Kwangu wingi si neno: Debian 12 peke yake, iliyotoka Juni 2023, ina vifurushi zaidi ya 64,000, na mimi sijavuka hata elfu tatu. Mimi nauliza mambo mawili tu. Nani anapiga hesabu ya mzigo? Na hesabu hiyo inakaa siku ngapi kabla haijaoza?

Nieleze. Kifurushi ni programu iliyofungwa pamoja na karatasi inayotaja wale isiyoweza kuishi bila wao. Ukimwalika VLC nyumbani, haji peke yake. Anakuja na wajomba, binamu na watoto wa binamu. Kazi ya msimamizi wa vifurushi ni kuhesabu wageni wote, kuangalia nani tayari yumo ndani, kisha kuwaita waliobaki. Slackware, ambayo ipo tangu 1993, inakuachia wewe mwenyewe uhesabu. Nawaheshimu wanaoitumia. Siwafuati.

Kosa langu la kwanza lilikuwa na Fedora. Nilimwomba shemeji anipakulie programu ya picha kwa `dnf download --resolve`, naye akafanya hivyo kwenye kompyuta yake ya Kindu. Diski ilipofika, usakinishaji ulikataa: maktaba kadhaa hazipo. Nililaumu diski, nikalaumu piki, hadi nilipoelewa kwamba amri ile inaangalia kilichomo kwenye kompyuta inayopakua. Mashine ya shemeji ilikuwa na wajomba wengi tayari, kwa hiyo haikuwaita. Mashine yangu ilikuwa haina hata mmoja. Ukiongeza `--alldeps` inaleta ukoo mzima, hata wale ulio nao, na mzigo unavimba. Isitoshe, toleo moja la Fedora linahudumiwa kwa miezi kama 13 tu. Zamani ilikuwa na mbinu ya kuleta tofauti pekee kati ya kifurushi cha zamani na kipya, kitu kizuri kwa watu wa mega chache, lakini waliiondoa kwenye Fedora 40 mwaka 2024.

Debian ndiyo iliyonipa usingizi, kwa sababu ya chombo kinachoitwa `apt-offline`. Hapa hesabu inapigwa kwenye mashine yenye shida, yaani ya Kasongo, na Kindu inapokea orodha tu. Fanya hivi. Kwanza kwenye mashine yako:

`sudo apt-offline set orodha.sig --update`

Faili hilo ni dogo sana, linaweza kwenda hata kwa simu. Kule Kindu shemeji anaandika:

`apt-offline get orodha.sig --bundle mzigo.zip`

Kompyuta yake si lazima iwe ya Debian. Ikiwa na Python na `apt-offline` yenyewe inatosha, hata kama ni Windows. Mzigo ukirudi:

`sudo apt-offline install mzigo.zip`

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa wengi wanakwama. Safari hii ya kwanza haijaleta programu yoyote. Imeleta daftari jipya la ghala. Bila daftari hilo mashine yako inahesabu kwa bei za mwaka jana: itaomba matoleo ambayo seva imeshayaondoa, na shemeji atapata makosa matupu. Ndipo unapotuma orodha ya pili, `sudo apt-offline set orodha2.sig --install-packages gimp`, nayo inaleta wageni wenyewe. Safari mbili kwa kitu kimoja, ndiyo. Daftari linaweza kupita kwenye simu usiku ukijibana. Siku hizi mimi nalipia mega za daftari, na piki inabeba vifurushi.

Na kwa nini daftari la Debian halinitupi njiani? Kwa sababu tawi lake thabiti halibadiliki ovyo. Marekebisho ya usalama yanakuja, na kila baada ya miezi michache wanakusanya masahihisho, basi. Orodha niliyoipiga Jumatatu, piki ikichelewa wiki mbili, kwa kawaida bado inafaa.

Linganisha na Arch. `pacman`, msimamizi wake wa vifurushi, ni mwepesi kweli na amri zake ni fupi; kwa mtu mwenye laini nzuri ningemwambia ajaribu. Ila Arch inasogea kila siku, na seva zake za kawaida zinabaki na toleo jipya pekee. Orodha yangu ikifika Kindu inakuta nusu ya majina yamekufa. Kibaya zaidi, mashine ikikaa miezi bila kuguswa, hata funguo za saini zinachakaa, na unalazimika kusasisha `archlinux-keyring` kwanza ndipo mengine yakubaliwe. Niliishi nayo msimu mmoja wa mvua, nikaiacha.

FreeBSD ilinishangaza kwa uzuri. Yenyewe inatenganisha mfumo wa msingi na programu za ziada, na kutengeneza ghala la kubeba ni amri mbili: `pkg fetch -d -o /ghala firefox` inaleta programu na ukoo wake wote, `pkg repo /ghala` inaandika daftari. Ukoo wote, ndiyo, mzigo mzito, lakini ukifika hakuna anayekosekana, mradi toleo kuu la mfumo lifanane huku na kule. Kama ningekuwa nafungua kibanda kipya chenye diski kubwa, ningefikiri mara mbili.

Snap, njia ya vifurushi ya Ubuntu, sitaki kuiona. Inatafuta masasisho yenyewe mara nne kwa siku bila kukuuliza, na siku nilipowasha mega kwenye mashine yenye Ubuntu nilijifunza hilo kwa faranga zangu.

Mambo madogo yaliyonila muda: betri ya saa ndani ya kompyuta kuukuu ikifa, tarehe inarudi nyuma miaka, na `apt` inakataa daftari ikisema muda wake haujafika. Mimi nilidhani flashi imeharibika. Rekebisha saa kwa `sudo date -s` kabla ya kumtukana mtu, kisha tafuta betri ya CR2032. Pili, flashi ya FAT32 haipokei faili moja la gigabaiti 4 au zaidi, kwa hiyo mwambie wa Kindu agawe mzigo. Tatu, amri ya `apt` inafuta vifurushi ikishasakinisha, lakini `apt-get` inaviacha ndani ya `/var/cache/apt/archives`. Nilifuta hivyo mzigo wa safari nzima bila kujua. Sasa natumia `apt-get` tu, nanakili kila kifurushi kwenye `/srv/ghala`, napiga `dpkg-scanpackages . > Packages` humo ndani, na kwenye kila mashine naongeza mstari huu:

`deb [trusted=yes] file:/srv/ghala ./`

Maneno yale ya mabano yanaiambia mashine isikague saini. Kwa ghala lililo mikononi mwangu naona sawa. Kwa flashi iliyopita mikono mitano, hapana.

Ndiyo maana mkuu wa shule mmoja wa Kabambare alipokuja kuomba GCompris, michezo ya kujifunzia ya watoto, sikumpa flashi iliyo tayari.

“Papa Prefe,” nikamwambia, “niletee kwanza orodha kutoka mashine yako.”

“Mashine iko Kabambare, mwanangu.”

“Najua.”

Alinitazama kama mtu aliyeambiwa arudi nyumbani kuchukua kivuli chake. Nikamwandikia amri kwenye karatasi, nikamwuliza kama mashine ni ya biti 32, akasema hajui ila ni nzee. Basi nikamwekea pia diski ya Debian 12, kwa kuwa Debian 13 ya Agosti 2025 haina tena kisakinishi cha mashine za namna hiyo. Orodha imefika jana kwa piki, na juu ya flashi imeandikwa kwa kalamu: USIFUTE.