Umeme wa Misuli na Pumzi Fupi

Weka kiganja chako juu ya tumbo, chini kidogo ya mbavu. Vuta pumzi polepole. Tumbo linainuka. Sasa toa pumzi. Tumbo linashuka.

Chini ya mapafu kuna msuli mpana unaotenga kifua na tumbo. Unaitwa kiwambo. Ukikaza, unashuka, kifua kinapanuka na hewa inaingia. Ukilegea, unapanda na hewa inatoka. Wazee wanakumbuka mivukuto ya wahunzi wa Kirongo, kule Geita, waliokuwa wakiyeyusha chuma. Kiwambo ni kama mvukuto huo. Kinafanya kazi usiku na mchana, hata ukilala.

Hapa Segese watu wananiuliza, "Daktari, ni kweli kuna umeme wa kurudisha pumzi?" (Mimi ni mganga msaidizi tu, lakini wananiita hivyo.) Baba mmoja aliyechimba katika maduara miaka mingi alikuja akihema. Mnadani alikuwa ameonyeshwa kimashine chenye nyaya na vibandiko. Alitaka kuuza ng'ombe akinunue. Tena muuzaji alimwambia aache dawa za kifua kikuu. Alikuwa amebakiza miezi mitatu amalize.

Umeme wa misuli upo kweli. Katika hilo muuzaji hakudanganya. Ubongo wako hutuma amri kwa misuli kwa njia ya mishipa ya fahamu, na amri hiyo ni umeme mdogo sana. Mtaalamu wa Italia, Luigi Galvani, aliandika habari zake mwaka 1791. Aligusisha umeme kwenye mguu wa chura aliyekufa, nao mguu ukarusha teke.

Siku hizi hospitali kubwa hutumia umeme huo kwa kazi mbili. Ya kwanza ni ya mapaja. Mgonjwa wa mapafu akikaa muda mrefu bila kutembea, mapaja yake hunywea. Vibandiko huwekwa juu ya ngozi, umeme mdogo huyakaza na kuyalegeza, nayo hupata nguvu kidogo. Husaidia hasa yule asiyeweza hata kusimama. Kazi ya pili ni ya kiwambo chenyewe. Hii ni kwa watu wachache, kama aliyevunjika shingo. Amri ya ubongo haifiki tena kwenye kiwambo. Daktari hupasua, huweka nyaya, na mashine hutuma amri badala ya ubongo.

Lakini yule baba hakuvunjika shingo. Amri yake inafika. Shida yake ni nyingine. Vumbi la mawe, moshi na kifua kikuu vimeharibu mapafu yake. Njia za hewa zimekuwa nyembamba, na hewa ya zamani imebaki ndani bila kutoka. Kifua kimejaa, kimesukuma kiwambo chini. Jiulize: mvukuto uliokwisha kufunguka wote utavuta hewa gani tena? Ukiukaza kwa umeme, mapafu hayaponi. Wataalamu bado wanachunguza kama umeme wa kiwambo unaweza kuwafaa wagonjwa wa namna hii. Haijawa tiba ya kawaida. Na mtu mwenye kifaa cha kuendesha moyo anaweza kupata madhara makubwa. Usijiunganishe nyaya kifuani, wala usijaribu betri ya gari au ya sola.

Kinachosaidia hakihitaji ng'ombe. Keti kwenye kigoda, inama mbele kidogo, viwiko juu ya magoti. Vuta hewa kwa pua ukihesabu moja, mbili. Kisha itoe polepole kwa midomo iliyobanwa, kama unayepoza uji wa moto, ukihesabu hadi nne. Usilazimishe. Kutoa polepole huacha njia za hewa wazi, na ile hewa ya zamani inapata kutoka.

Halafu tembea. Najua inashangaza kumwambia mtu anayehema atembee. Leo nenda hadi mwembeni, pumzika, rudi. Kesho kutwa ongeza hatua. Nyumbani, simama na kuketi mara tano, pumzika, rudia. Katika Hospitali ya Mulago, Uganda, watu waliopona kifua kikuu wakabaki na pumzi fupi walifanya mazoezi ya namna hii mara mbili kwa wiki kwa wiki 6. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017. Mapafu yao hayakuwa mapya, lakini walitembea mbali zaidi kuliko mwanzo.

Kwenye karasha, mwagia mawe maji kabla ya kusaga na wakati wa kusaga. Kitambaa puani hakizuii vumbi jembamba, na hilo jembamba ndilo linalofika ndani kabisa. Mtu mwenye vumbi la mawe mapafuni hupata kifua kikuu kwa urahisi zaidi. Kina mama mnaotwanga mawe, hili ni lenu pia, na moshi wa kuni jikoni unaongeza mzigo. Sigara acha kabisa.

Ukikohoa wiki mbili au zaidi, nenda ukapimwe makohozi. Dawa za kifua kikuu ni bure katika vituo vya serikali. Usiziache kabla hujaambiwa na mganga. Ukikohoa damu, ukishindwa kumaliza sentensi kwa kuhema, au ndani ya midomo na ulimi vikigeuka rangi ya buluu, usingoje asubuhi. Nenda kituoni usiku huo huo.

Yule baba alirudi kwenye dawa. Sasa anatembea hadi kisimani, anapumzika mara mbili njiani. Ng'ombe wake bado yupo.

Maswali kwa darasa: Kiwambo kiko wapi? Kwa nini mvukuto uliojaa hauvuti hewa? Katika kijiji chenu, nani amwagie maji mawe ya karasha, na maji yatoke wapi?