Elimu kwa Umma: Kufunga Mota kwenye Baiskeli Ukiwa Umestaafu

Kutoka katikati ya mji wa Nairobi kwenda Hurlingham ni kupanda. Barabara ya Valley inainuka tangu bondeni, na mtu wa miaka 65 mwenye baiskeli ya kawaida hufika Silver Springs akihema, kabla hata hajaingia Argwings Kodhek. Mota hulimaliza tatizo hilo. Lakini wanaowauliza mafundi huanza na bei ya mota, na hapo ndipo mambo huharibika, kwa sababu katika umri huo mota ndiyo ya kununuliwa mwisho. Kwanza fremu, kisha breki.

Si nitaanguka nivunjike nyonga?

Hatari haiko kwenye kasi peke yake. Mzee huanguka sana akipanda, akishuka, au akisimama ghafla mguu ukakosa pa kukanyaga. Tafuta fremu yenye bomba la chini, ile tuliyozoea kuiita baiskeli ya kike. Wanaume wenzangu waache fahari. Kurusha mguu juu ya bomba ukiwa na miaka 70, kapu la ununuzi likiwa nyuma, si ushujaa. Shusha siti mpaka nyayo zote mbili ziguse chini ukiwa umekaa. Magoti yatalalamika kidogo, na hapo ndipo mota itakapofanya kazi yake.

Zungumza na daktari kama dawa za presha hukupa kizunguzungu ukiinuka. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda akigonga kichwa, hata kidogo, aende hospitali siku hiyohiyo. Mtoto wa jicho atolewe kwanza, baiskeli baadaye.

Mota ikinisukuma, nitakuwa nafanya mazoezi kweli?

Ndiyo, mradi unakanyaga pedali. Utafiti wa vyuo vikuu vya Reading na Oxford Brookes nchini Uingereza, uliochapishwa 2019, ulifuatilia watu wa miaka 50 hadi 83 kwa wiki 8, wakiendesha nusu saa mara tatu kwa wiki. Waliotumia baiskeli za umeme nao walipata nafuu katika uwezo wa kufikiri, na si wale wa baiskeli za kawaida tu.

Petroli au umeme?

Umeme. Kile kijiinjini cha petroli kinachofungwa katikati ya fremu kina sauti ya msumeno, kinataka petroli iliyochanganywa na oili, na mtikisiko wake hulegeza nati moja baada ya nyingine. Baya zaidi, kinaipa baiskeli mwendo ambao breki zake za mpira hazikuundwa kuuzuia. Kushuka Valley Road na breki za namna hiyo sitamshauri mtu yeyote, awe na miaka 20 au 80.

Kwa umeme, mota ya wati 250 inakutosha. Betri ya volti 36 na saa-ampea 10 hubeba wati-saa 360, yaani hata nusu ya uniti moja ya stima haifiki. Hiyo itakupeleka kilomita 25 hadi 35, kulingana na milima na uzito wako. Hesabu mwenyewe kwa tokeni unazonunua: ni nauli ndogo kuliko ya matatu yoyote.

Fundi wangu wa baiskeli anaweza kuifunga?

Akiwa mtu wa kusikiliza, anaweza. Mwambie abadilishe kwanza vishikio vya breki na waya zake, na kama fremu inaruhusu aweke breki za diski. Kisha msimamie kwenye ekseli. Mota ya ndani ya gurudumu husukuma ardhi kwenda nyuma, na ekseli nayo hutaka kuzunguka kinyume. Ndiyo maana imechongwa pande mbili ziwe bapa. Kwenye foko laini ya alumini, nati zikilegea, ekseli hupanua tundu lake na gurudumu la mbele likachomoka. Kinachozuia ni kipande kidogo cha chuma, tundu lake limekaa sawasawa kwenye zile bapa na mkia wake umefungwa kwenye foko. Mafundi wengi hukitupa kwenye boksi wakidhani ni cha ziada. Usiondoke kabla hakijafungwa, na ni salama zaidi mota ikae nyuma, kwenye fremu ya chuma.

Mwombe pia aunganishe zile breki zinazokata umeme unapozibana. Vidole vya mzee huchelewa kidogo, na mota isiwe bado inasukuma wakati wewe unataka kusimama.

Siku ya pancha, chomoa plagi ya mota kabla fundi hajagusa gurudumu, na upige picha mpangilio wa washa na nati kwa simu. Zikirudi ovyo, gurudumu halikai sawa.

Betri niichaji wapi?

Hapa sina mzaha. Jijini New York, mwaka 2023 pekee, moto wa betri za lithiamu uliua watu 18. Hurlingham na Kilimani sasa ni magorofa, na korido ya nyumba yako ndiyo njia yako ya kukimbilia. Usichajie hapo, wala mlangoni, wala chumbani ukiwa umelala. Tumia chaja iliyokuja na betri: ya volti 36 hutoa volti 42 betri ikijaa, na ya volti 48 hutoa 54.6. Chaja ya jirani inaweza kuingia vizuri kwenye tundu na bado ikawa si yake. Betri iliyovimba au iliyoingia maji ya masika haitengenezwi.

Nahitaji leseni?

Ulaya huihesabu kuwa baiskeli ikiwa mota haizidi wati 250 na inaacha kusaidia ukifika kilomita 25 kwa saa. Sheria yetu ya Trafiki, Sura ya 403, inakiita gari karibu chombo chochote kinachoendeshwa kwa mtambo, kwa hiyo usitegemee pedali zikutetee mbele ya askari. Ya petroli, au ya umeme inayokwenda bila kukanyaga, ichukulie kama pikipiki: usajili, bima, helmeti, jaketi la kung'aa na leseni ya daraja A. Vyombo visivyozidi cc 50 viko A1. Hata kama yako ni ya kusaidia kukanyaga tu, vaa helmeti na jaketi.

Nipite wapi?

Ngong Road ina njia ya pembeni, ingawa utaigawana na boda boda na wauza mahindi. Kwenye makutano ya Yaya, shuka uvuke pamoja na wanaotembea kwa miguu. Wiki ya kwanza usiende popote: tafuta uwanja mtupu wa maegesho Jumapili asubuhi, mota ikiwa kwenye kiwango cha chini kabisa, ujifunze kusimama.