Kichocho cha Ziwani: Ultrasaundi Huonyesha Ini Lilivyo

Mvuvi wa Usoma au Dunga anaweza kukaa na kichocho miaka mingi bila kulazwa hata siku moja. Anavuta nyavu, anauza samaki, anarudi nyumbani. Kisha asubuhi moja anatapika damu. Jamaa hudhani ni vidonda vya tumbo, au kwamba amelishwa kitu kibaya. Chanzo chaweza kuwa ini lililojaa makovu ya kichocho, na makovu hayo yangeweza kuonekana mapema kwa ultrasaundi, mashine ile ile inayotumiwa kuangalia mimba.

Minyoo na ini

Wengi wanapolisikia neno kichocho hufikiria mkojo wenye damu. Hicho ni kichocho cha kibofu, ambacho hupatikana zaidi Pwani. Kichocho cha Ziwa Victoria ni cha matumbo, na mayai yake hutoka kwa njia ya choo.

Mayai yakifika majini huanguliwa, na viluwiluwi vinavyotoka huingia ndani ya konokono wadogo wanaoishi kwenye nyasi na matope ya ufuoni. Konokono hao huachilia vimelea vinavyopenya ngozi ya mtu kwa dakika chache tu, hasa jua linapokuwa kali. Ndani ya mwili, minyoo hukua na kukaa wawili wawili, dume na jike, kwenye mishipa ya damu inayozunguka utumbo. Jike hutaga mayai kama 300 kwa siku.

Mayai mengine hutoka na choo. Yaliyobaki huchukuliwa na damu hadi kwenye ini, yakakwama katika matawi madogo ya mshipa mkuu unaoleta damu kutoka utumboni. Mwili huyazingira, na baada ya miaka kovu hujengeka kando ya mishipa hiyo. Njia ya damu hubanwa. Damu iliyokosa njia hurudi nyuma: wengu huvimba, maji hujaa tumboni, na mishipa ya umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, hutanuka. Ikipasuka, mtu hutapika damu.

Katika haya yote chembe za ini huendelea kufanya kazi kwa muda mrefu. Macho huenda yasigeuke manjano, na vipimo vya damu vya ini vyaweza kuwa vya kawaida. Ndiyo sababu ugonjwa huu huwapita wengi bila kutambuliwa.

Kipimo cha choo kina mpaka wake

Katika kipimo cha kawaida, mtaalamu wa maabara hutandaza kinyesi kidogo, takriban miligramu 42, juu ya kioo na kuhesabu mayai kwa darubini. Ni kipimo cha bei nafuu na kinafaa. Hata hivyo, mtu mwenye minyoo michache anaweza kuonekana hana kitu. Kipo pia kipimo cha mkojo cha kadi, ambacho hutambua dalili za minyoo iliyo hai.

Vipimo vyote viwili hujibu swali moja: je, minyoo ipo? Havisemi imefanya nini. Mtu aliyeugua miaka mingi anaweza kuwa na mayai machache sana kwenye choo, au asiwe nayo kabisa, huku ini lake limejaa makovu. Anayeambiwa "choo chako ni safi" hajaambiwa kwamba ini lake ni zima.

Ultrasaundi hufanya nini

Mashine hutuma mawimbi ya sauti ambayo sikio haliwezi kuyasikia. Mawimbi hayo hugonga viungo na kurudi, na mashine huyageuza kuwa picha. Haina miale kama ya eksirei, haichomi, na inaweza kurudiwa mara nyingi, hata kwa mtoto au mama mjamzito. Kwa picha ya tumbo, mgonjwa huombwa kukaa saa sita hadi nane bila kula, ili gesi ya tumboni isizibe picha.

Mashine ndogo za kubebeka zimewezesha kazi hii kufanyika hata mbali na hospitali. Katika miaka ya 1980 mashine za namna hiyo zilitumika Turkana kuwatafuta watu wenye uvimbe wa maji kwenye ini unaotokana na tegu wa mbwa. Kwa upande wa kichocho, wataalamu walikutana Niamey, nchini Niger, mwaka 1996 na kukubaliana namna moja ya kusoma picha. Mwongozo wao ulitolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2000, na kwa huo picha ya Kisumu inaweza kulinganishwa na ya Misri au Brazil.

Mwongozo huo hupanga picha za ini kwa herufi:

- A: Ini la kawaida.
- B: Nukta nyeupe zilizotawanyika kama nyota. Huenda ni mwanzo wa ugonjwa, ila si uhakika.
- C: Kuta za mishipa midogo zimekuwa nene, huonekana kama pete au mirija myeupe.
- D: Ukosi mweupe umezunguka mshipa mkuu pale unapogawanyika.
- E: Mabaka meupe yametoka kwenye mshipa na kuingia ndani ya ini.
- F: Mistari minene imefika hadi ukingo wa ini, mithili ya ukucha wa ndege.

Mtaalamu hupima pia upana wa mshipa mkuu, ambao kwa mtu mzima kwa kawaida hauzidi milimita 13. Hupima wengu na kuangalia kama kuna maji tumboni.

Picha hizi zinahitaji jicho lililozoea. Ultrasaundi haionyeshi minyoo wala mayai. Ini lililoharibiwa na pombe au homa ya ini aina ya B huonekana tofauti, lakini mtu mmoja anaweza kuwa na magonjwa mawili. Wengu nao huvimba kwa malaria, ambayo ni ya kawaida katika eneo hili, na mtoto mwenye tumbo kubwa anaweza kuwa na malaria na kichocho kwa pamoja. Kwa hiyo picha husomwa pamoja na vipimo vya choo na damu, na historia ya mgonjwa.

Kazi iliyofanyika Kisian

Kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu nchini, KEMRI, kilichoko Kisian, kimechunguza kichocho cha ziwani kwa miaka mingi. Miongoni mwa waliofuatiliwa ni vijana wanaoosha magari ufuoni Kisumu, ambao husimama majini kila siku kutafuta riziki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002, ukiongozwa na Diana Karanja, ulionyesha kwamba baadhi yao, baada ya kutibiwa mara kadhaa, walianza kuwa na kinga dhidi ya kuambukizwa tena. Wengine waliendelea kuambukizwa kila waliporudi majini.

Baada ya picha

Dawa ni prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito. Mtu wa kilo 60 hupewa miligramu 2,400, yaani vidonge vinne vya miligramu 600, pamoja na chakula. Kizunguzungu na maumivu ya tumbo huweza kutokea, kisha hupita. Dawa huua minyoo iliyokomaa. Michanga huweza kubaki, na haimkingi mtu anayerudi majini. Ndiyo maana hurudiwa.

Makovu ya mwanzo yanaweza kupungua baada ya matibabu, hasa kwa watoto na vijana, na picha ya pili baada ya miezi au miaka huonyesha hilo. Makovu makubwa hupungua kwa shida. Mgonjwa aliyefika E au F hupelekwa hospitali ya rufaa kuchunguzwa umio kwa mrija wenye kamera. Mishipa iliyotanuka inaweza kufungwa kwa mipira midogo kabla haijapasuka. Mgonjwa huyo hapaswi kutumia aspirini au ibuprofeni bila idhini ya daktari.

Nani aulizie ultrasaundi

- Aliyefanya kazi au kuishi kando ya ziwa kwa miaka na ana uzito au uvimbe upande wa kushoto wa tumbo, chini ya mbavu.
- Anayejaa maji tumboni.
- Mtoto wa ufuoni ambaye tumbo lake limebaki kubwa hata baada ya kutibiwa malaria.

Anayetapika damu au kupata choo cheusi kama lami asisubiri miadi. Apelekwe hospitali mara moja.

Katika kila ziara, mgonjwa amweleze mhudumu wa afya anavyotumia maji ya ziwa: kuvua, kuchota mchanga, kuosha magari, kufua au kuogelea. Maelezo hayo ndiyo humfanya daktari akumbuke kuliangalia ini.