SOSI YA SALADI YA MAJANI MABICHI: ODA KWANZA, BLENDA BAADAYE

Wengi humu tunauza saladi, chipsi, mishikaki au bajia kwa oda za simu, na siku hizi mteja anauliza kabisa, "Sosi gani ipo?" Leo nawapa ile laini ya kijani, ya mtindi na majani mabichi. Mimi naitengeneza jikoni kwangu. Kuisaga ni rahisi, kazi ipo kwenye kuiuza kabla haijaharibika. Kwa hiyo soma mpaka chini.

MAHITAJI (chupa 3 za mililita 200)
- Mtindi mzito usio na sukari, nusu lita
- Mayonesi ya dukani, vijiko vikubwa 6
- Kotmiri, mafungu 2
- Majani ya nanaa, kama 15
- Kitunguu saumu, punje 1
- Maji ya limao, vijiko vikubwa 2
- Chumvi kijiko kidogo 1, pilipili manga kidogo

Mayonesi nanunua, sitengenezi. Ya nyumbani ina mayai mabichi, na mayai mabichi yanaweza kuwa na bakteria wa salmonela. Tumbo la mteja si la kufanyia majaribio.

JINSI YA KUTENGENEZA
1. Osha chupa za kioo kwa sabuni, zichemshe dakika 10, ziache zikauke zenyewe.
2. Mtindi ukiwa mwepesi, anza na robo tatu lita. Uchuje kwa kitambaa safi ndani ya friji masaa 2.
3. Osha majani mara 2 au 3 mpaka mchanga uishe, halafu yakaushe vizuri. Maji yakibaki, sosi inakuwa nyepesi na haikai.
4. Saga majani, kitunguu saumu, limao, chumvi, pilipili manga na mayonesi. Mtindi weka mwisho, koroga kwa kijiko. Ukiusaga sana unakuwa kama maziwa.
5. Weka kwenye friji nusu saa ndipo uonje. Usikimbilie kuongeza kitunguu saumu, ladha yake inazidi kukolea ikikaa.

SASA PESA
Weka bei za sokoni kwako, huu ni mfano tu. Vitu vyote 7,500, gawa kwa 3 unapata 2,500 kila chupa. Chupa na lebo 700, umeme na gesi 200. Jumla 3,400. Ukiuza 5,000, faida ni 1,600 kwa chupa.

Angalia hapa. Chupa 3 zimekugharimu 10,200. Ukiuza 2 na moja ikaharibika, umeingiza 10,000. Yaani chupa moja tu iliyolala imekula faida yote na imegusa mtaji. Ndiyo maana mimi sitengenezi halafu nikatafuta mteja. Napokea oda mpaka Alhamisi jioni, mteja analipa kwanza, Ijumaa asubuhi naenda sokoni, mchana boda anapeleka.

Kwenye lebo naandika tarehe ya kutengeneza na maneno haya: "Weka kwenye friji, tumia ndani ya siku 3." Nje ya friji, kwenye joto letu hili, lisaa limoja linatosha. Boda mpe boksi lenye barafu.

Atakuja mteja akuambie, "Dada, nitumie Mbeya kwa basi." Kataa, hata kama pesa kashatuma. Mrudishie. Safari ya siku nzima bila baridi inaharibu sosi, na atakayelaumiwa ni wewe, si basi. Mtumie maelekezo haya ya kutengeneza mwenyewe, siku nyingine atakununulia kitu kinachosafiri.

Na ukifika hatua ya kutaka kuweka bidhaa yako madukani, pita SIDO wakuelekeze namna ya kupata alama ya TBS. Kwa sasa anza na chupa 3 ambazo tayari zina wenyewe.