Dondoo muhimu: Buti za kupandia Kahuzi

Mlima Kahuzi una mita 3,308, na njia yake hupita kwenye tope, mizizi na mianzi iliyolala. Buti ya kuupanda ichague kwa soli, si kwa jina la kampuni.

Ukinunua mtumba kwenye soko la Kadutu, pinda kiatu mbele kwa nguvu huku ukitazama pale soli inaposhikana na ngozi. Ukiona ufa wa gundi, hata mwembamba kama uzi, kirudishe. Kisha bonyeza kwa kidole gumba ile sehemu laini iliyo juu ya soli: povu lililokaa miaka mingi huoza ndani kwa ndani, na kiatu kinachong'aa huweza kuachia soli porini. Likimomonyoka au likitoa unga, hata fundi hakiokoi kiatu hicho.

Meno ya soli yawe marefu na yaachane, tope lipate kutoka. Jaribu jioni, ukiwa na soksi nene. Kwenye mteremko vidole visiguse mbele.

Buti zikilowa, usizikaushie motoni, gundi italegea. Jaza magazeti, weka kivulini.

Kabla ya kupanga safari, uliza kituo cha hifadhi cha Tshivanga kuhusu usalama wa njia.